Mstari Ambao Haukugongwa

Nilimwonea wivu Tumaini hata akiwa ndani ya jeneza. Sioni njia nyingine ya kuanza sura hii bila kudanganya. Tulikuwa kijijini Mkongo, uani kwa mume wake, Mwalimu Gaspa. Nilikuwa nimekaa mkekani na wanawake wengine, miguu nimeikunja, kanga nimejitanda mpaka kwenye paji la uso, na badala ya kumwombea marehemu nilikuwa nahesabu. Nilihesabu wanawake waliokuwa wanalia wenyewe bila kuanzishwa na mwingine. Nilihesabu masufuria. Akina mama wa jumuiya yake walikuwa wameshika meko tangu alfajiri kama watu walioajiriwa, na wazee wa msikiti wa jirani walikuwa wamekuja na gunia la mchele na mzigo wa kuni. Nikajiuliza siku yangu itakapofika, huko Kibiti ninakoishi peke yangu, ni nani atakayepuliza moto. Mama mmoja mnene aliyekaa ubavuni kwangu akaona machozi yangu, akanigusa goti. "Pole, mwenzangu. Wewe ni nani wake?" Nikamwambia tulifanya kazi pamoja, zamani, Kibiti. "Miaka mingi?" "Mmoja." "Mwaka mmoja tu?" akasema, akaniangalia vizuri, kama mtu anayemwona mgeni anajipakulia nyama nyingi kuliko wenye shughuli.

Ni huo mmoja ninaouandika. Jinsi nilivyofika kwenye kazi ile hakuna maana; nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na matokeo ambayo mtu hayasemi mbele za watu, na mradi wa kumbukumbu za afya ulikuwa unatafuta wasichana wawili wa kukaa na mashine. Mmoja nikawa mimi, Somoe. Mwingine akawa Tumaini, aliyetoka Njombe, ambaye matokeo yake yeye aliyasema bila kuulizwa. Chumba chenyewe kilikuwa nyuma ya ofisi, dirisha lake limezibwa kwa matofali, na kiyoyozi kilikuwa hakizimwi. Kibiti nzima ilikuwa inachemka na sisi tulikuwa tunavaa sweta. Ndani kulikuwa na seva tatu zimesimama kwenye fremu ya chuma, na pembeni yake makabati mawili ya diski, la kwanza la zamani na la pili jipya, yanapumua kwa sauti moja mchana kutwa. Zile seva tatu zilifanya kazi kama mtu mmoja. Ikilala moja, mbili zinashika mzigo. Injinia aliita hiyo klasta. Ili zielewane, kila moja ilibeba nakala yake ya faili la mipangilio: wenzangu ni akina nani, zahanati ipi inapokelewa wapi, kumbukumbu zake ziwekwe kabati lipi. Nakala zikitofautiana, kila seva inaamini yake ndiyo kweli na inafanya kazi kwa imani hiyo. Hilo nililielewa siku ya kwanza na sikuhitaji cheti, maana nimekulia nyumba ya wake wenza.

Tulipanga chumba kimoja, Tumaini na mimi, nyuma ya duka la vifaa vya baiskeli. Vitanda viwili, ndoo mbili, jiko moja la mkaa. Mwanzoni alikuwa anapika makande na kuyala kwa furaha peke yake, na mimi nilijisikia mkubwa, kwa sababu wali wa nazi ulikuwa wangu, na kuchagua samaki sokoni ilikuwa kazi yangu, na yeye alikuwa anashika mbuzi ya kukunia nazi kama anayepanda punda asiyemjua. "Shoga, utajikuna mapaja," nilikuwa namwambia, tunacheka. Baada ya mwezi mmoja wali wake ulikuwa mzuri kuliko wangu. Mpangaji mwenzetu alionja siku moja, akauliza kwa sauti, nami nikiwa mlangoni nasikia, "Huu wali kapika nani? Mbara? Haya, sisi wa pwani tukauze mahindi." Watu wakacheka. Nami nilicheka, kisha nikaenda bafuni na ndoo ya maji ya moto nikakaa humo mpaka maji yakapoa. Kwa wali tu. Ndiyo maana nasema wivu haukuanzia kwenye mashine. Mashine ziliupa tu pa kukaa.

Injinia wetu aliitwa Edmundi na alikaa Dar es Salaam. Alikuja Kibiti mara moja kwa miezi miwili. Siku nyingine zote alikuwa sauti ya kwenye simu. Nikipokea mimi, mazungumzo yalikuwa haya: "Halo, nani hapo?" "Somoe." "Aa. Tumaini yupo?" Nikisema katoka, anasema, "Basi akirudi yule, anipigie," kama kwamba mimi ni karatasi ya kuandikia ujumbe. Tumaini alikuwa anakaa kwenye kiti cha magurudumu, simu ameibana kwa bega, vidole vinakimbia kwenye kibodi, anajibu "enhe, enhe, nimeiona, imeshafika." Mimi niliandika joto la chumba kwenye daftari la zamu, kila saa moja, kwa mwandiko uliosimama wima. Nilikuwa sijui kuandika joto ambalo sikulisoma. Ilikuwa ndiyo sifa yangu pekee, na hata hiyo nilikuja kusikia thamani yake siku nilipokuwa nafagia varanda ya ofisi ya daktari aliyesimamia mradi. Ukuta wake ulikuwa wa mbao nyembamba, na alizoea kuweka simu mezani ikisema kwa sauti kubwa. "Bajeti mpya ina nafasi moja tu," daktari alikuwa anasema. "Mmoja ataondoka Julai." Injinia akajibu, "Basi hilo si swali, daktari. Abaki Tumaini." "Na Somoe? Binti mwaminifu sana yule. Hajawahi kuandika uongo kwenye daftari." "Daktari, hata kufuli ni mwaminifu." Wakacheka wote wawili, kicheko cha watu wasio na ubaya na mtu. Nilimaliza kufagia. Nilifagia hata pale nilipokwisha kufagia.

Sikumwambia Tumaini nilichosikia. Nilianza kumtazama tu. Nilimtazama anavyokunywa uji, anavyokunja shuka, anavyopiga magoti kando ya kitanda kusali, nikijiuliza Mungu amempa nini mtu huyu ambacho kwangu kilikwisha. Kulikuwa na jambo moja tu kazini lililotoka kwangu. Chuoni, nilikosomea Kurani, ukidurusu mwenzako anakufuata kwenye msahafu wake. Ukikosea hakwambii neno. Anagonga ubao mara moja kwa kifundo cha kidole, nawe unarudi nyuma, unatafuta kosa mwenyewe. Asipogonga unaendelea. Msomaji hajisahihishi, kazi yake ni kusoma, na kimya cha msikilizaji ndicho kibali chake. Tulipopewa orodha ndefu za kulinganisha, nilimfundisha Tumaini hivyo, na ilitufaa sana, kwani macho huchoka kuliko masikio. Injinia alipotukuta tunafanya alisimama mlangoni akatazama. "Safi sana hii, Tumaini. Umeitoa wapi?" "Si yangu, ni ya Somoe, ya chuoni kwao," Tumaini alisema palepale. "Safi sana," akasema injinia, akimtazama yeye.

Masika ya mwaka ule umeme ulikatika na kurudi kwa kishindo mara tatu katika mchana mmoja. Mara ya tatu kabati la pili, lile jipya, likaanza kulia kama mtoto, diski mbili zikawasha taa nyekundu, na seva ya tatu ikazimika ikiwa katikati ya kuandika. Injinia alituma diski mpya kwa basi, zimefungwa ndani ya taulo lake, akatuelekeza kwa simu jinsi ya kuzichomeka. Kabati lilikaa siku tatu likijijenga upya, na sisi tukikaa mbele yake kama wauguzi. Lilipomaliza, injinia akapiga. Safari hii aliomba tumweke kwa sauti tusikie wote. "Kumbukumbu za wagonjwa ziko salama, hizo nimezikagua," alisema. "Wasiwasi wangu ni mipangilio. Seva ya tatu imeamka na nakala ipi, mimi sijui. Inaweza kuwa ya jana, inaweza kuwa ya mwaka jana. Msiwashe klasta mpaka mmezisoma nakala zote tatu, mstari kwa mstari." Tumaini akamuuliza kama hakuna programu ya kuzilinganisha. "Ipo, lakini kuna mistari ambayo lazima itofautiane, kila seva ina jina lake na namba yake. Programu itapiga kelele kila mahali, nanyi mtazoea kelele. Chapisheni kwenye karatasi, mfanye ile yenu ya kugonga meza. Anayesikiliza ndiye atakayesaini."

Tulianza saa tatu asubuhi. Raundi ya kwanza alisoma Tumaini nakala ya seva ya pili, mimi nikimfuata kwenye nakala ya seva ya kwanza. Niligonga mara mbili, akarudi, tukaona mistari miwili iliyojirudia, tukaitia alama. Raundi ya pili tukabadilishana: nisome mimi nakala ya seva ya tatu, naye anifuate kwenye ya kwanza. Tumaini alikuwa na malaria. Alikuwa amepima jana yake, na asubuhi ile mimi ndiye niliyempa maji ya kumezea vidonge. Alivaa sweta yake na juu yake kanga zangu mbili, midomo imekauka. "Nenda kalale," nilimwambia, na nilikuwa namaanisha. "Tumalize kwanza, shoga. Akina mama wa delta wanasubiri orodha." Alisema kweli. Zahanati za delta zilituma majina ya wajawazito wenye hatari, na kila wiki klasta ilitoa orodha ambayo boti ya mradi iliibeba kupita vijijini kuwachukua na kuwapeleka hospitali. Klasta ikiwa imelala, hakuna orodha.

Karatasi ya nne, karibu na chini, niliona mstari kabla sijaufikia. Nakala mbili za kwanza zilisema zahanati za delta zipokelewe kabati la pili. Nilikwisha kuyasikia hayo raundi iliyopita, na kitu nikikisikia mara moja hukaa. Hilo ndilo nililopewa na chuo. Nakala hii ilisema kabati la kwanza. La kwanza lilikuwa kabati la majaribio, lile la zamani, ambalo lilijifuta lenyewe kila Jumapili. Seva ya tatu ilikuwa imeamka na nakala ya mwaka uliopita, angalau katika mstari huo. Na seva ya tatu ndiyo iliyohudumia delta. Nikasoma kwa sauti ileile: "Zahanati za delta, mapokezi, kabati la kwanza." Nikanyamaza. Nilimpa nafasi agonge. Nilimpa pumzi mbili nzima, na katika pumzi hizo mbili nilijua mambo yote: kwamba kidole chake kilikuwa kwenye mstari wa juu, kwamba macho yake yalikuwa yamefumbwa nusu, kwamba saini itakuwa yake, kwamba Julai ilikuwa karibu. "Enhe," akasema Tumaini. "Endelea, shoga." Nikaendelea.

Nimelizunguka jambo hili kwa miaka mingi nikitafuta mlango wa kutokea. Nilisoma kilichoandikwa. Sikubadili neno. Kwa desturi ya kugonga, msomaji hana la kufanya asipogongewa. Mtu akiniuliza kama nilidanganya siku ile, ningeweza kuapa sikudanganya, na ninafikiri ndiyo sababu nililifanya kwa urahisi vile. Kama ingenipasa kusema uongo nisingeweza; ulimi wangu haujazoea. Lakini kukaa kimya nilikuwa nakujua vizuri. Na kuna la pili ambalo lazima niliandike: nilipokuwa nageuza ile karatasi, sikujisikia vibaya. Nilijisikia mwepesi. Mchana ule nilikula mihogo ya kukaanga na kachumbari nje ya geti la ofisi, nikaongeza sahani ya pili, na Tumaini alikuwa ameshasaini, amelala chumbani kwetu anatetemeka.

Tuliwasha klasta na kila kitu kikawa sawa. Taa zote za kijani. Kabati la kwanza lilipokea majina ya delta kimyakimya, kama mzee aliyestaafu anayeendelea kupokea barua za ofisi, na Jumapili ikafika likajifuta. Orodha ya wiki ile ikatoka na majina machache mno, boti ikarudi karibu tupu. Wiki ya pili hivyohivyo. Ndipo nesi wa zahanati moja upande wa Mbwera akapanda mahali penye mtandao akapiga simu, akauliza kwa nini wajawazito wake wameachwa gatini. Injinia alikuja mwenyewe kesho yake. Alifungua seva ya tatu, na kabla chai haijapoa alikuwa ameuona mstari. Akaomba karatasi zetu. Akaziweka mezani, akapitisha kalamu mpaka karatasi ya nne. "Nani alisikiliza hapa?" "Mimi," akasema Tumaini. "Na alisoma nani?" "Mimi," nikasema. "Ulisoma kama ilivyoandikwa?" "Nilisoma hivyo." Alinitazama usoni, nadhani kwa mara ya kwanza. "Basi Somoe hana kosa. Somoe amesoma sawa." Miezi kumi na moja nilikuwa nimengoja mtu yule ataje jina langu, na alipolitaja lilinikaa mwilini kama nguo iliyoloa.

Tulitumwa wote wawili delta tukayanakili upya majina kutoka kwenye madaftari ya zahanati. Boti ilituchukua Nyamisati asubuhi, maji yakiwa yamejaa, ikatupitisha kwenye vijito vya mikoko mpaka kwa yule nesi aliyepiga simu, na tukalala kwake siku mbili. Alitupikia wali na kamba, akatupa kitanda chake, yeye akalala chini na wanawe. Asubuhi ya kwanza alikuja mwanamke mmoja na kichanga mgongoni, akasimama mlangoni bila kubisha hodi. "Ndio nyie wa kompyuta?" Tumaini akasema ndio sisi. "Mimi nimekaa gatini siku mbili na mfuko wa nguo za mtoto, miguu imevimba kama mikate. Boti inakuja, mwenye boti ananiambia, bibi, jina lako halimo. Nikamwambia, jina halimo lakini tumbo limo, hulioni? Akasema tumbo halisomwi." Nesi akaangua kicheko, kisha akajizuia. "Basi nimezalia hapo chumbani kwa nesi, kwenye kitanda hichohicho mlicholalia nyie. Nani kanifuta jina?" Tumaini alishuka kitandani akapiga magoti chini. "Ni mimi, dada. Wa kusikiliza nilikuwa mimi, na sikusikia. Naomba unisamehe." Kichanga kikaanza kulia. Yule mwanamke akakifungua mgongoni, akampakatisha Tumaini. "Haya, huyu msikilize," akasema. "Mimi naenda kuoga." Akatoka. Tumaini alikaa na mtoto yule hadi adhuhuri, anamwimbia kwa lugha ya kwao, na nilipomtazama nikaona nimemwonea wivu hata kusamehewa. Msamaha ule ulikuwa wangu. Alikuwa ameuchukua na huo.

Wakati wa chakula, nesi ametoka kwenda kwenye zahanati yake, Tumaini aliacha kula, akasema, "Somoe, ule mstari uliusoma kwa sauti?" "Niliusoma." "Uliutamka, la kwanza?" "Nilitamka kilichoandikwa." Akafikiri. "Basi ile homa ilinila masikio." Akachukua kamba mmoja, akammenya, akamweka upande wangu wa sinia kama alivyozoea, kwa sababu yeye alikuwa na kucha na mimi nilikuwa nazing'ata. Hakuniuliza kama nilijua. Lilikuwa swali moja tu, fupi, na nilikaa mbele ya sinia lile nikiomba aniulize na nikiomba asiniulize. Angeuliza ningesema. Naamini hivyo. Lakini Tumaini hakuwa mtu wa kumfikiria mwenzake kitu kama kile, na sikumpenda kwa hilo pia.

Julai nilibaki mimi. Tumaini alifunga ndoo yake na vitabu vyake akaenda Mkongo kwa dada yake aliyekuwa mwalimu huko, na siku ya kuondoka aliniambia, "Afadhali imekuwa wewe, maana mimi nina pa kwenda." Kwa dada yake ndipo alipokutana na Gaspa. Mimi nilifanya kazi ile miaka sita, nikajifunza kibodi, nikajifunza hata kubadili diski bila simu, mpaka mradi ukaisha na seva zikapakiwa kwenye lori. Sasa nina kiduka cha kutoa kopi karibu na stendi. Tumaini akija Kibiti kununua unga wa maandazi alikuwa hapiti bila kukaa kwangu. Alikaa kwenye benchi, mfuko miguuni, akiwaambia wateja wangu kwamba mama huyu mnayemwona alikuwa akisoma mipangilio ya seva kwa kichwa. Kila mara alipoondoka nilisema moyoni, akija tena nitamwambia. Alikuja tena mara nyingi.

Tulipoanua matanga, watu wakiwa wanakunja mikeka na kurudisha masufuria ya kuazima, nilimwomba Mwalimu Gaspa nafasi ya kuongea naye. Akanikaribisha sebuleni. Kulikuwa na makochi yenye vitambaa vya kufuma, vyote kwa mkono wake Tumaini, na magunia mawili ya mchele uliobaki. Binti yao, Neema, alipita na trei ya vikombe vichafu. "Mama mdogo, kaa, nakuletea chai sasa hivi," akaniambia, akaingia upande wa pili wa pazia, nikamsikia anaosha vikombe. Nikakaa. Nikamsimulia Mwalimu kama nilivyoandika hapa, sikuruka kitu, hata mihogo. Alisikiliza kama walimu wanavyosikiliza, kichwa chini, mikono magotini. Nilipomaliza akauliza, "Wewe ulijua?"

"Nilijua. Kabla sijaumaliza kuusoma."

"Na ulimwona ana homa."

"Maji ya vidonge nilimpa mimi."

Nyuma ya pazia maji yalikuwa yamekoma kumwagika. "Hajawahi kunisimulia habari ya mstari," akasema mwishowe. "Miaka yote. Aliniambia aliondoka Kibiti kwa sababu aliugua." Nikaona jambo lililonilaza macho ujana wangu wote halikuwahi hata kuingia nyumba hii. Alikuwa ameliacha kwenye sinia la kamba kule delta, akanawa mikono. "Nisamehe, Mwalimu," nikasema. Akatikisa kichwa. "Siwezi, Somoe. Si kwa hasira. Angebaki Kibiti mimi nisingemjua. Nyumba hii, watoto hawa, vyote vimetoka kwenye kosa lako. Nikikusamehe mimi nitakuwa najisamehe mwenyewe. Mwenye haki hiyo tumemzika." Alisema polepole, bila kunisukuma. Nami nikaitazama sebule ile, vitambaa, picha ya harusi, viatu vya watoto vimepangwa mlangoni, nikajua kwamba nilimnyang'anya kazi nikampa haya, na hata wakati ule, nimetoka kukiri, kitu cha kwanza kilichoinuka kifuani kilikuwa ni wivu uleule.

Pazia likasogea. Neema aliingia na kikombe kimoja kwenye kisahani, akakiweka mbele yangu, akageuza mshikio uelekee mkono wangu wa kulia kama alivyofunzwa. Alikuwa na macho ya mama yake, lakini hakunitazama.

"Karibu chai, Bi Somoe," akasema.

Nilipokea kwa mikono miwili.